Askari wa Mwilini

Kila nchi ina askari wake, nao hujulikana kwa sare zao, kwa silaha zao na kwa mwendo wao barabarani. Lakini wako askari wengine ambao hakuna mtu aliyepata kuwaona kwa macho matupu. Hawana kambi moja, hawana likizo, wala hawapokei mshahara ila sehemu ya chakula tulacho. Huzunguka katika damu na katika viungo usiku na mchana, na mara nyingi hupigana vita vikali wakashinda pasipo mwenye mwili kujua kwamba palikuwa na vita. Hao ndio seli za kinga, ambazo nyingi katika hizo huitwa seli nyeupe za damu.

Adui zao ni wengi, na mmoja katika walio wajanja mno ni kirusi. Virusi ndivyo viletavyo surua, polio, homa ya manjano, mafua makali na kichaa cha mbwa. Ndivyo vilivyoleta pia ndui, ambayo zamani ilikuwa tishio la dunia nzima. Iliwachukua wanadamu muda mrefu sana kujua jinsi seli hizi zinavyopambana na adui huyo. Historia ya ujuzi huo ndiyo maudhui ya insha hii, nayo ina jambo moja kubwa la kutufunza: ushindi wa askari hawa hutokana na maarifa kuliko nguvu. Wao hutambua, na wakishatambua hukumbuka.

Kwamba mwili hukumbuka maradhi, jambo hilo lilijulikana kabla hajazaliwa mtaalamu yeyote wa hadubini. Mwaka wa 430 K.K. mji wa Athens, katika Ugiriki, ulishambuliwa na maradhi makubwa ya kuambukiza. Mwanahistoria Thucydides, ambaye yeye mwenyewe aliugua akapona, aliandika kwamba waliokwisha kupona waliwahurumia wagonjwa pasipo kujihofia nafsi zao, kwa sababu ugonjwa haukumrudia mtu mara ya pili kwa nguvu ya kumwua.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulipatikana karne nyingi baadaye katika visiwa vya Faroe, vilivyo katika bahari ya kaskazini ya Ulaya. Mwaka wa 1781 surua iliingia katika visiwa hivyo, kisha ikatoweka kwa miaka 65. Iliporudi mwaka wa 1846, watu wapatao 6,000 waliugua kati ya wakazi wasiofika 8,000. Daktari kijana kutoka Denmark, Peter Ludvig Panum, alitumwa kwenda kuchunguza. Aliwakuta wazee wengi waliougua surua mwaka ule wa 1781, na hakuna hata mmoja wao aliyepatwa tena. Hebu fikiri: mzee amekwisha kusahau majina ya watoto aliocheza nao, lakini mwili wake haujamsahau adui uliyekutana naye mara moja tu katika maisha.

Watu wa zamani hawakuijua sababu ya kumbukumbu hiyo, lakini walijua kuitumia. Katika India, Uturuki na sehemu kadhaa za Afrika, watu walitwaa usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui wakautia katika chale ya mtu mwenye afya, ili augue kidogo na asiugue tena. Habari za desturi hii zilifika Boston, Marekani, kwa kinywa cha Mwafrika. Mtu huyo aliitwa Onesimus, naye alikuwa mtumwa wa mhubiri Cotton Mather. Alipoulizwa kama amewahi kuugua ndui, alieleza kwamba kwao Afrika alichanjwa, akaonyesha na kovu lake.

Ndui ilipoingia Boston mwaka wa 1721, Mather alimshawishi daktari Zabdiel Boylston ajaribu njia hiyo. Wenyeji wengi walikasirika, hata bomu likarushwa ndani ya nyumba ya Mather, ila halikulipuka. Boylston hakurudi nyuma. Aliwachanja watu zaidi ya 240, na katika hao walikufa 6. Katika watu 5,889 walioambukizwa kwa njia ya kawaida walikufa 844. Maana yake ni kwamba kati ya waliochanjwa alikufa kama mtu 1 katika kila 40, na kati ya wengine alikufa mtu 1 katika kila 7. Hivyo elimu iliyookoa maisha ya watu wa mji ule ilitoka kwa mtu ambaye sheria za mji zilimhesabu kuwa mali.

Hata hivyo njia hiyo ilikuwa na hatari yake, kwa maana kilichotiwa mwilini ni ndui halisi, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza jirani zake. Daktari wa mashambani katika Uingereza, Edward Jenner, ndiye aliyeeneza njia iliyo salama zaidi. Katika wilaya yake ilisemwa kwamba wakamuaji waliopata ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi uletao malengelenge mikononi, hawapatwi na ndui ya watu. Tarehe 14 Mei 1796 Jenner alitwaa majimaji katika lengelenge la mkamuaji aliyeitwa Sarah Nelmes, akamchanja kwayo mvulana wa miaka 8, James Phipps. Mwezi wa Julai akamtia ndui yenyewe, na mvulana hakuugua. Siku hizi hakuna daktari awezaye kuruhusiwa kumjaribia mtoto namna hiyo, lakini jaribio lile lilifungua mlango ambao haujafungwa hata leo. Siri yake twaijua sasa: virusi vya ndui ya ng'ombe na vya ndui ya watu ni ndugu wanaofanana sura, na askari aliyefundishwa kumtambua mmoja humtambua na mwingine.

Mfaransa Louis Pasteur aliiendeleza kazi hiyo. Tarehe 6 Julai 1885 alipelekewa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Kwa siku kadhaa mtoto yule alidungwa dawa iliyotokana na uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa ugonjwa huo, uti uliokaushwa mpaka ukali wa maradhi ukafifia. Mtoto hakuugua. Lakini Pasteur, pamoja na umahiri wake wote, hakuweza kumwona adui mwenyewe kwa hadubini.

Sababu ilijulikana polepole. Mwaka wa 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky aliyachuja maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa kwa chujio lenye matundu madogo mno, ambayo bakteria hawawezi kupita. Maji yaliyochujwa bado yaliambukiza. Mwaka wa 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alilirudia jaribio hilo, akasema kwamba hapa pana kitu cha namna nyingine kisicho bakteria, akakiita virusi, neno la Kilatini lenye maana ya sumu. Havikuonekana kwa macho ya binadamu mpaka hadubini ya elektroni ilipoundwa katika miaka ya 1930.

Inafaa tueleze hapa jinsi kirusi kinavyofanya kazi, kwa sababu bila kumjua adui hatuwezi kuujua ustadi wa askari. Kirusi hakili, hakipumui, wala hakiwezi kuzaa kikiwa peke yake. Ni maagizo machache tu yaliyofungwa katika ganda la protini. Kikijigandisha kwenye seli ya mwili huingia ndani, na maagizo yale huishurutisha seli iache kazi yake na kutengeneza virusi vingine kwa mamia na maelfu. Ni kama mwizi aingiaye katika karakana usiku, akawalazimisha mafundi watengeneze funguo za kufungulia nyumba zote za mtaa. Virusi vipya hutoka, na kila kimoja huenda kutafuta karakana yake.

Je, ni nani ndani ya mwili awezaye kumkamata mwizi kama huyu? Jibu la kwanza lilipatikana ufukweni. Mwaka wa 1882 mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Urusi, Ilya Metchnikoff, alikuwa akikaa Messina, katika kisiwa cha Sicily. Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama nyani wakicheza katika sarakasi, naye akabaki nyumbani na hadubini yake. Alikuwa akitazama watoto wachanga wa kiti cha pweza, ambao miili yao huangaza kama maji, na ndani yao aliona seli zitembeazo huku na huku. Ghafla likamjia wazo: huenda seli hizi ni walinzi. Kama ni hivyo, mwiba ukichomwa mwilini zitaukimbilia. Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akaichomeka chini ya ngozi za vitoto vile. Usiku ule hakupata usingizi. Asubuhi alikuta miiba imezungukwa na seli pande zote. Metchnikoff akaziita seli walaji, kwa kuwa huwameza adui na kuwameng'enya.

Wataalamu wengi wa Ujerumani hawakukubaliana naye. Mwaka wa 1890, katika mji wa Berlin, Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba mnyama aliyepona pepopunda au dondakoo huwa na kitu katika maji ya damu yake kinachobatilisha sumu ya ugonjwa, na kwamba maji hayo yakidungwa katika mnyama mwingine humkinga naye. Kitu hicho ndicho tunachokiita leo kingamwili. Mwenzao Paul Ehrlich alitunga nadharia ya kueleza jinsi kingamwili zinavyolingana na adui zake kama ufunguo na kufuli. Basi pakawa na makundi mawili: hawa wakisema kinga imo katika seli, na wale wakisema imo katika maji ya damu. Ubishi huo uliendelea kwa miaka mingi. Mwaka wa 1908 Tuzo ya Nobel iligawanywa kati ya Metchnikoff na Ehrlich, na kwa hakika kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya ukweli.

Nusu zile mbili, hata zikiunganishwa, bado ziliacha fumbo. Kingamwili huweza kukinasa kirusi kilicho nje, katika damu au katika ute wa pua, na kukizuia kisiingie katika seli. Lakini kikishaingia, haziwezi kukifikia. Ni kama walinzi waliozunguka nyumba ilhali mwizi amekwisha kuingia na kuufunga mlango kwa komeo. Adui aliyejificha ndani ya mwenyeji hupiganwaje?

Sehemu ya jibu ilitoka London mwaka wa 1957. Alick Isaacs na Jean Lindenmann walitia virusi vya mafua vilivyokwisha kuuawa nguvu katika utando wa mayai ya kuku. Wakaona kwamba seli zilizoguswa na virusi hutoa kitu ambacho huzifanya seli nyingine zivipinge virusi. Walikiita interferoni. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Na interferoni ndiyo mbiu yenyewe. Seli iliyovamiwa huwapigia kamsa majirani kabla haijafa, nao hufunga milango yao na kusimamisha kazi ambazo kirusi kingezitumia. Homa na maumivu ya viungo tunayoyahisi siku za kwanza za mafua, kwa sehemu kubwa ni kelele za mbiu hiyo.

Sehemu nyingine ya jibu ilitoka mahali ambapo hakuna aliyeitazamia. Kuku ana kifuko kidogo karibu na tundu la haja, kiitwacho kifuko cha Fabricius, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua faida yake. Katika miaka ya 1950 mwanafunzi wa chuo kikuu huko Ohio, Marekani, Bruce Glick, alikuwa akiwaondolea vifaranga kifuko hicho. Baadaye kuku hao walipotumiwa katika somo la kingamwili, wengi walishindwa kuzitoa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 1956 katika jarida la elimu ya ufugaji wa kuku, ambalo madaktari wachache sana walikuwa na desturi ya kulisoma.

Miaka michache baadaye, mwaka wa 1961, Jacques Miller, aliyekuwa akifanya kazi London, alitangaza matokeo ya kuwatoa panya wachanga tezi ya thaimasi, iliyo kifuani juu ya moyo. Wengi waliidharau tezi hiyo, wakidhani ni makaburi ya seli zilizochakaa. Lakini panya wa Miller walikonda, wakashindwa na maradhi. Na waliposhonewa ngozi ya panya wengine, miili yao haikuikataa. Walikuwa wamepoteza uwezo wa kumtambua mgeni. Mwaka wa 1968, katika mji wa Melbourne, Australia, Miller na mwenzake Graham Mitchell walionyesha kwamba seli nyeupe ziitwazo limfosaiti ni za aina mbili zifanyazo kazi kwa kusaidiana. Aina ya kwanza, ambayo kwa kuku hukomaa katika kifuko cha Fabricius na kwa binadamu katika uboho wa mifupa, hutengeneza kingamwili. Hizo huitwa seli B. Aina ya pili hukomaa katika thaimasi; hizo huitwa seli T.

Thaimasi, basi, ni chuo cha askari, na mtihani wake ni mkali kuliko wowote uujuao wewe mwanafunzi. Mwaustralia Macfarlane Burnet alikuwa amekwisha kueleza, mwaka wa 1957, kwamba kila limfosaiti huzaliwa na uwezo wa kutambua umbo moja tu, na kwamba adui anapoingia ni kana kwamba anamchagua yule mmoja amjuaye kati ya mamilioni, naye huzaana upesi akawa jeshi. Lakini kati ya mamilioni hayo wako ambao wangeutambua mwili wenyewe kuwa adui. Thaimasi huwachuja. Seli T ambayo haiwezi kusoma alama za mwili hufa, na ile ishikayo alama za mwili kwa ukali hufa pia. Kati ya kila seli 10 zinazoingia katika chuo hicho, zaidi ya 9 hazitoki.

Alama hizo ni nini? Jambo hilo lilifumbuliwa huko Canberra, Australia, na vijana wawili: Peter Doherty, daktari wa mifugo, na Rolf Zinkernagel, daktari kutoka Uswisi. Mwaka wa 1973 walikuwa wakichunguza panya wenye ugonjwa wa virusi unaovimbisha utando wa ubongo. Walichukua seli T kutoka kwa panya walioambukizwa, wakazichanganya na seli nyingine zenye kirusi kilekile. Seli T ziliziua zile zilizotoka kwa panya wa ukoo wao. Lakini zilizotoka kwa panya wa ukoo mwingine, ijapokuwa zilikuwa na kirusi hichohicho, ziliachwa. Maelezo yao yalichapishwa mwaka wa 1974, nayo yalikuwa haya: seli T hutazama mambo mawili kwa pamoja, alama ya mwenyeji na alama ya adui. Mwaka wa 1996 walipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka wa 1987 Pamela Bjorkman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha umbo la alama hiyo ya mwenyeji. Ina kijishimo juu yake, kama kiganja kilichokunjwa kidogo, na ndani ya kijishimo hicho hukaa kipande cha protini. Hivi ndivyo fumbo la mwizi aliyejifungia ndani lilivyotatuliwa. Karibu kila seli ya mwili hukata vipande vidogo vya protini inazozitengeneza na kuvitandaza nje, kama mwenye duka atandazavyo vielelezo vya bidhaa zake mlangoni. Seli T hupita mlango kwa mlango zikikagua. Zikiona bidhaa za nyumbani, hupita zikaenda zao. Zikiona kipande cha kirusi, hujua kwamba karakana imetekwa. Hutoboa utando wa seli ile na kuitia kemikali zinazoiamuru ife, na virusi vilivyokuwa vikitengenezwa humo vikakosa kiwanda.

Viko virusi vijanja ambavyo huzuia seli isitandaze vielelezo vyake, ili mkaguzi asione kitu. Lakini hata hilo lina dawa. Mwaka wa 1975 wataalamu wa Stockholm, Sweden, walieleza habari za seli nyingine ziitwazo wauaji wa asili. Baadaye ilijulikana kwamba hizo huishuku seli isiyoonyesha alama yoyote, zikaiua kwa sababu ya ukimya wake. Mwenye kuweka vielelezo vya wizi hukamatwa na mkaguzi wa kwanza. Mwenye kuficha vielelezo hukamatwa na wa pili.

Sasa twaweza kuvitazama vita vyenyewe kwa mpangilio wake. Kirusi cha mafua kikiingia puani, saa za kwanza ni za interferoni, seli walaji na wauaji wa asili. Wakati huo seli zenye matawi, ambazo Ralph Steinman na Zanvil Cohn walizieleza huko New York mwaka wa 1973, hukusanya vipande vya adui na kuvipeleka kwenye tezi za limfu. Ndiyo maana tezi huvimba shingoni. Huko tezini kila limfosaiti huonyeshwa vipande hivyo, mpaka apatikane yule aliyezaliwa akilijua umbo lile. Huyo huanza kuzaana. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na katika siku hizo mgonjwa huumia. Hatimaye seli T hufika mapafuni kwa wingi, na kingamwili za seli B huvinasa virusi vilivyobaki. Vita vikiisha, wengi wa askari hao hufa. Wachache huishi kwa miaka mingi kama seli za kumbukumbu. Adui akirudi, hakuna tena kutafuta nani amjuaye. Wazee wa Faroe waliokolewa na hao wachache.

Hata hivyo silaha kali humkata na mwenyewe. Panya wale wa Canberra hawakuuawa na kirusi, kwa kuwa kirusi kile peke yake hakiziharibu sana seli. Waliuawa na seli zao wenyewe za T, zilizowasha vita ndani ya utando wa ubongo. Tena wapo adui wawashambuliao askari wenyewe. Virusi vya Ukimwi, vilivyogunduliwa mwaka wa 1983, huingia katika seli T zile ziwasaidiazo wenzao na kuwaongoza. Viongozi wakipungua, jeshi zima hupotea njia. Na surua, ambayo wengine huidhani ugonjwa mdogo wa watoto, huziharibu seli za kumbukumbu. Mwaka wa 2019 wataalamu waliwapima watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, wakakuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 za kingamwili walizokuwa nazo za kupigana na maradhi mengine. Mtoto aliyepona surua alikuwa amesahaulishwa aliyojifunza.

Nchi yetu ya Kenya ina sura yake katika historia hii, na sura hiyo yahusu ndugu wa kirusi cha surua, yaani kirusi cha sotoka. Sotoka ilipoingia Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ng'ombe walikufa kwa wingi usiosemeka. Wamaasai waliopoteza makundi yao walipatwa na njaa, kisha ndui ikawafuata. Nao wakaziita siku zile Emutai, siku za kuangamizwa. Miaka zaidi ya 60 baadaye, huko Muguga karibu na Nairobi, daktari wa mifugo Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris walikuza kirusi cha sotoka, cha aina iliyotoka Kabete, katika seli za figo za ndama. Walikihamisha kutoka chupa hata chupa, mara kama 90, mpaka kikasahau ukali wake. Kilikuwa bado kinaweza kuingia katika seli za ng'ombe, na kwa hiyo seli B na seli T zote ziliiona sura yake, lakini hakikuwa na nguvu ya kuua. Ng'ombe aliyechanjwa alikingwa kwa maisha yake yote. Sotoka ya mwisho kuonekana duniani ilikuwa katika nyati wa Mbuga ya Meru mwaka wa 2001, na mwaka wa 2011 ikatangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha. Plowright alikuwa amepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 1999.

Ugonjwa mwingine uliokomeshwa kabisa ni ndui, na mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida ya maambukizi alikuwa jirani yetu. Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu yake, na mwezi wa Oktoba 1977 akaugua. Askari wake walipigana pasipo kufundishwa, na kwa bahati njema wakashinda. Mwaka wa 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Maalin baadaye alijiunga na kazi ya kuchanja watoto dhidi ya polio, akiwasimulia wazazi kisa chake, na alikuwa katika kazi hiyo alipofariki mwaka wa 2013.

Kisa cha Maalin chatukumbusha upungufu mmoja wa askari hawa. Kumbukumbu yao, hata ikidumu miaka 65, hufa pamoja na mwenye mwili. Mtoto huzaliwa na kingamwili alizoazimwa na mama yake tumboni, na nyingine hupata katika maziwa. Mkopo huo huisha baada ya miezi michache. Tangu hapo mtoto hana akijuacho ila atakachofundishwa na maradhi yenyewe au na chanjo. Ndui na sotoka hazina tena wa kumshambulia, lakini surua na polio bado zipo, nazo hazihitaji ila kizazi kimoja kisichofundishwa. Mababu waliotiana chale walilijua hilo bila hadubini. Sisi tuliopewa majina ya askari na mbinu zao hatuna udhuru wa kutolijua.